Kwenu Wapi? Michezo ya Wanafunzi na Habari ya Kuondoka Nyumbani

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, leo nataka tuzungumze juu ya mchezo mmoja ambao bila shaka mmeuona. Kijana anaishi kijijini na mama yake. Amechoka na jembe. Siku moja rafiki yake anatokea mjini, kavaa miwani ya jua, anamjaza maneno. Kijana anaondoka usiku bila kuaga. Mjini anapokelewa na pombe, wanawake na polisi. Tendo la mwisho anarudi kijijini amechakaa kama dekio, anakuta mama amekwisha zikwa. Anapiga magoti kaburini, analia, kisha anatugeukia sisi watazamaji na kutuasa: "Vijana, mjini si kwema!" Makofi. Mgeni rasmi anasimama, anasifu "ujumbe mzito". Tunatawanyika.

Kama mhusika ni msichana, ondoa polisi, weka mimba. Mengine yote acha kama yalivyo.

Nimeuona mchezo huu katika mabwalo ya shule, katika kumbi za kata, na mara moja chini ya mwembe huku mvua ikitishia. Majina ya shule na vikundi nayaweka kapuni, maana sina ugomvi na mtu. Waigizaji wengine walikuwa wazuri kweli kweli, na yule mama wa chini ya mwembe alinitoa machozi. Ugomvi wangu ni na hadithi yenyewe. Nasema hadithi hii ni ya uongo, na uongo wake unatuumiza zaidi sisi tunaotaka kuandika.

Hebu tuanze na hao wanaopiga makofi. Ni akina nani? Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Sensa ya 2022 ikaukuta na watu 5,383,728. Katika miaka kumi wameongezeka zaidi ya milioni moja. Tusidanganyane, wote hao hawakuzaliwa Temeke na Mwananyamala. Wengi walishuka kwenye mabasi na mabegi yao. Kwa hiyo pale ukumbini mwalimu aliyetunga mchezo katoka mkoa mwingine, mgeni rasmi katoka mkoa mwingine, mama anayeuza maandazi mlangoni katoka mkoa mwingine, na wote kwa pamoja wanamshangilia mtunzi anayemwadhibu kijana kwa kufanya kile kile walichofanya wao. Ukifikiri kidogo utacheka. Ukifikiri sana utanyamaza.

Kwa nini basi wanashangilia? Mimi naona ni habari ya deni. Kila aliyeondoka kwao ana mtu aliyemwacha, na mtu huyo anamdai. Mchezo unamlipia deni lile kwa muda wa saa moja. Analia kidogo, anapiga makofi, anapanda daladala akiwa mwepesi. Kesho yake mama wa kijijini bado hajatumiwa hela ya dawa. Hiyo ni dawa ya kutuliza, haiponyi.

Mimi mwenyewe nina riwaya ninayoiandika kwenye kaunta buku, huu ni mwaka wa pili. Mhusika wangu ni msichana anayepanda basi Lindi kuja Dar es Salaam. Kila ninapomfikisha Mbagala Rangi Tatu, sauti ya mchezo ule inaninong'oneza: mpe mimba, mpe mlevi, mrudishe. Nimeikatalia. Lakini kukataa hakutoshi, lazima mtu awe na kitu cha kuweka mahali pake. Ndiyo sababu nimerudi kuzisoma tamthiliya za zamani, nikitafuta wale waliotutangulia walifanyaje.

REMI NA WANAOMTAKA

Kuna wanaosema, "Ah, sisi wanafunzi tu, tuachiwe vya kiwanafunzi." Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya tamthiliya ya Afrika Mashariki imejengwa na wanafunzi. Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya Uganda kupata uhuru, wanafunzi wa Makerere walipanda jukwaa la Ukumbi wa Taifa wa Uganda mjini Kampala, wakaonyesha mchezo wa mwenzao aliyetoka Limuru, Kenya. Huyo mwenzao ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025 akiwa anajulikana dunia nzima. Siku ile alikuwa mwanafunzi tu. Mchezo aliuandika kwa Kiingereza, na baadaye ukatafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mtawa Mweusi. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere hiyo hiyo wakaanza kusafiri na michezo yao, wakiionyesha bure mijini na vijijini, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Vya kiwanafunzi ndivyo hivyo!

Mtawa Mweusi ni habari ya kijana aitwaye Remi, msomi wa kwanza wa kabila lake kufika chuo kikuu. Kaka yake amekufa, na mila inamtaka amchukue mjane, Thoni. Remi anakimbilia mjini. Huko ana kazi na ana mpenzi wa Kizungu, Jane. Ukiishia hapo utasema, aah, mchezo ni ule ule. Subiri. Nyumbani hawakai wakisubiri mwana mpotevu ajirudi mwenyewe. Wazee wanatuma watu wamfuate pamoja na dawa ya kienyeji. Mchungaji naye anafunga safari na Biblia yake. Kila upande unamtaka Remi kwa shughuli yake: wazee wanamtaka aliongoze kabila, mchungaji anataka roho yake irudi kanisani, mama anamtaka mwanawe.

Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikafikiri. Katika michezo yetu ya mabwaloni, nyumbani ni mama mmoja mwenye kanga iliyochanika, anayesubiri tu. Hana haja yoyote na mtoto zaidi ya kumwona. Kwa Remi, nyumbani ni watu wenye madai, tena madai yanayogongana. Ukiondoka, umewaharibia hesabu zao. Ukirudi, unarudi kwenye hesabu zao. Hili kila kijana wa mjini analijua vizuri sana. Simu ya kutoka nyumbani mara nyingi huanza na "Hujambo mwanangu" na huishia na kiasi cha fedha.

Na balaa la Remi linatokea baada ya kurudi. Anarudi na maneno makali juu ya ukabila na mila, anamwaga yote bila kutazama nani amesimama mbele yake. Thoni, ambaye kumbe alimpenda muda wote, anajiua. Kosa la Remi, kama mimi ninavyosoma, ni kurudi na hotuba bila kurudi na masikio.

Lakini nina lawama kwa mchezo huu, na ni lawama ile ile ninayoitoa kwa michezo yetu. Thoni naye anaondoka nyumbani. Usiku, peke yake, hana chuo wala kazi inayomsubiri. Mbona safari ya Remi ina mji, ina mpenzi, ina wajumbe na mabishano, na safari ya Thoni ina kifo peke yake? Mwanamume akiondoka ni swali kwa jamii nzima. Mwanamke akiondoka ni msiba. Miaka zaidi ya sitini imepita na bado tunaandika hivyo hivyo.

NYUMBANI KUNAPOKUONDOKA

Sasa twende Dar es Salaam. Idara ya Sanaa za Maonyesho ya chuo kikuu ilianzishwa mwaka 1967. Miaka miwili baadaye, 1969, wanafunzi wakaonyesha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mchezo wa vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Hussein alizaliwa Lindi mwaka 1943. Nalitaja hilo kwa sababu mama yangu katoka Lindi pia, na mimi hupenda kufikiri kwamba mtu anayetoka upande ule wa Rufiji anajua kidogo maana ya kuwa mbali. Mama aliondoka kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Mvua ikikolea, barabara ilikuwa haipitiki. Ukitoka umetoka.

Katika mchezo wake wa mwanzo uitwao Wakati Ukuta, Hussein alishughulika na ugomvi wa nyumbani wa kawaida: msichana Tatu anavutana na wazazi kwa ajili ya kijana Swai. Ni mzazi wa kale na mtoto wa kisasa. Mchezo mzuri, lakini bado uko sebuleni. Kisha mwaka 1971 akatoa Mashetani, na mimi nathubutu kusema kwamba huo ndio mchezo bora tulionao juu ya kuondoka nyumbani, ingawa ndani yake hakuna mtu anayefunga mzigo.

Wahusika wakuu ni marafiki wawili wa chuo kikuu, Juma na Kitaru. Wanaigiza. Juma anakuwa Shetani, Kitaru anakuwa Binadamu, na mbuyu upo. Yaani wanafunzi wanacheza mchezo ndani ya mchezo! Mchezo wao unakwisha, lakini Kitaru hatoki ndani yake. Anaanza kuugua ugonjwa usio na jina. Kwao ni familia iliyopanda baada ya uhuru, na mali yao haimwondolei kinachomsumbua. Kwa akina Juma mambo yamekwenda kinyume. Familia yake ilipoteza mali na hadhi katika Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Bibi yake Juma anaishi na utukufu uliopita kama vile bado umo chumba cha pili.

Bibi huyu ndiye aliyenifungua macho. Kuna watu hawaondoki nyumbani, nyumbani ndiko kunakowaondoka. Unaamka asubuhi, kuta zipo, jina la ukoo lipo, lakini dunia iliyokuwa inalijua jina hilo imekwenda. Bibi anakataa kuhama, kwa hiyo anahamia kwenye kumbukumbu. Na kumbukumbu ile inamkalia mjukuu wake kichwani kama pepo. Juma hakuyaishi yale maisha kama bibi alivyoyaishi, lakini anayadaiwa. Kitaru naye anadaiwa upande wa pili, na wawili hawa wanataka kuwa marafiki kama kwamba historia haikukaa katikati yao kwenye meza.

Soma hapo uniambie kama huu si mji wetu wa leo. Mimi nimezaliwa Dar es Salaam. Nikiulizwa "Kwenu wapi?" najibu Lindi. Lindi yenyewe nimefika mara mbili, mara zote kwa msiba. Mama amekaa mjini miaka zaidi ya ishirini na mitano na bado akisema "nyumbani" hamaanishi chumba anacholipia kodi. Mshikaji wangu mmoja wa kijiweni anajibu Kigoma, hajawahi kupanda treni ya kwenda huko. Tumerithi kumbukumbu za watu wengine na tunazitumia kama kitambulisho. Hakuna mchezo wa shule niliouona unaoligusa jambo hili, nalo liko kwenye kinywa cha kila mwanafunzi aliyepo jukwaani.

Nimeona kipande cha Mashetani kikichezwa na wanafunzi mara moja. Shetani alipakwa masizi, akafungiwa pembe, akawa anaruka ruka. Watoto waliokaa mbele walicheka mpaka basi. Kwa maoni yangu pembe zile ziliua mchezo. Shetani wa Hussein anatisha kwa sababu ni Juma, rafiki, kijana wa kawaida aliyevaa shati. Ukimvisha pembe unawaambia watazamaji kwamba uovu unatambulika kwa maleba. Mngemwacha na shati lake, tena mkamweka karibu sana na Kitaru, ukumbi ungepoa wenyewe.

MAITI INA KWAO

Kuna swali jingine ambalo michezo yetu hulikwepa: mtu aliyeondoka ni wa nani? Wa pale alipozaliwa au wa pale alipojenga maisha? Mara nyingi swali hili hulala usingizi mpaka siku ya msiba.

Desemba 20, 1986, wakili S.M. Otieno alifariki Nairobi. Alikuwa Mluo. Mkewe, Wambui, alikuwa Mkikuyu. Mjane alitaka amzike kwenye shamba lao karibu na Nairobi. Ukoo wake ukasema mwana wetu anazikwa kwao Nyalgunga, huko Siaya. Wakaenda mahakamani. Kesi ikavuta Kenya nzima, na maiti ikasubiri zaidi ya miezi mitano. Ukoo ukashinda, na Mei 23, 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga. Mwaka uliofuata, 1988, Ebrahim Hussein akachapisha Kwenye Ukingo wa Thim, tamthiliya inayotokana na mkasa huo, ambayo wenzetu wa kidato cha tano na sita wameisoma miaka mingi. Thim kwa Kijaluo ni porini, nyikani.

Katika mchezo, Herbert na Martha wameishi kisasa mjini wakiamini kwamba wamekwisha vuka mambo ya makabila. Herbert anapokufa, ukoo unaingia mlangoni. Kumbe nyumba yao yote ilikuwa imejengwa ukingoni mwa pori, na wao walidhani wako katikati ya mji. Nawaombeni mtazame jina hilo la mchezo kwa makini. Ukingo ni mahali pa kusimama. Mtu aliyeondoka kwao anaishi ukingoni: hayuko porini, wala mji haujampokea sawasawa. Mtunzi angeweza kuwafanya wana ukoo kuwa mashetani wenye pembe. Lakini ukisoma vizuri utaona wana sababu, wana imani, wana msiba wao. Martha naye ana haki yake. Haki mbili zinagongana, na maiti moja haiwezi kuzikwa mara mbili. Huo ndio mchezo! Mtazamaji anatoka ukumbini akiwa mzito, na hajui amlaumu nani.

Linganisha na mama yetu wa kanga iliyochanika. Tendo la mwisho tunajua nani mkosefu, kwa hiyo tunaweza kwenda kulala.

LAFUDHI YA KUCHEKWA

Sasa naomba niguse jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Katika michezo yetu, mtu akitoka kijijini lazima azungumze kwa lafudhi ya kuchekesha. Anabadilisha "l" na "r". Anaburuza maneno. Ukumbi unavunjika mbavu kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Mwongozaji anafurahi, maana kicheko ni dalili ya mafanikio.

Nilisoma na kijana mmoja aliyekuja kutoka mkoani akiwa kidato cha pili. Alikuwa na lafudhi ya kwao, nzito, nzuri, yenye wimbo ndani yake. Wiki ya kwanza darasa zima lilimwiga. Wiki ya pili alinyamaza. Kufikia muhula wa pili alikuwa anazungumza kama mtoto wa Kariakoo, na mzazi wake alipopiga simu alikwenda kuipokea nje ili tusimsikie. Kundi la maigizo lilipotafuta mtu wa kucheza "mshamba", wakamfuata yeye, eti ana kipaji. Alikubali. Alicheza lafudhi ya baba yake mbele ya shule nzima na alipigiwa makofi mengi kuliko wote.

Yule kijana alikuwa ndiye mchezo. Habari ya kuondoka nyumbani, ya kujificha, ya kumbukumbu, yote ilikuwa imesimama pale jukwaani ikichekwa. Mtu anayeondoka kwao huacha vitu vingi, na kitu cha kwanza anachonyang'anywa ni sauti. Kabla hajapata kazi, kabla hajapata chumba, amekwisha badilisha namna ya kusema "habari za asubuhi". Kama tunataka kuandika juu ya utambulisho, neno ambalo tunalipenda sana kwenye mitihani, basi tuanzie kwenye ulimi. Mpeni mhusika wenu lafudhi mbili. Moja anayoitumia dukani, nyingine inayomponyoka akiota au akikasirika. Muone watazamaji watakavyokaa kimya.

Mitihani nayo imechangia. Sisi tuliosoma tamthiliya kwa ajili ya mtihani tumefundishwa kuuliza: dhamira ni nini, ujumbe ni nini, falsafa ya mwandishi ni ipi? Maswali hayo yana kazi yake, sikatai. Lakini mtu akizoea kuvua ujumbe kutoka kila kitabu, siku akiandika ataanza na ujumbe, kisha atautafutia watu wa kuubeba. Ndiyo maana wahusika wetu wanatembea kama wapagazi.

MSICHANA NA BEGI

Msinifikirie kwamba sijaona jema. Mwaka jana nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi mmoja, kwenye benchi lenye mguu mbovu, nikatazama kundi la wanafunzi wa sekondari. Mchezo wao kwa jumla ulikuwa ule ule, na mwisho wake nilishaujua. Lakini katikati palikuwa na kipande cha dakika tano hivi ambacho sijakisahau.

Msichana anapanga begi. Hasemi neno. Anaweka gauni, analitoa. Anaweka picha ya familia, anaitoa kwenye fremu ili ichukue nafasi ndogo, halafu anabaki kashika fremu tupu, hajui aiweke wapi. Mama yake anapita na ndoo ya maji, anaona begi, anaendelea na safari yake. Anarudi. Anampa kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye gazeti. Anapita tena. Hakuna aliyemkataza mwenzake, hakuna aliyelia. Mama anajua. Inawezekana hata nauli ni yeye aliyeiacha chini ya mto.

Ukumbi, uliokuwa unapiga kelele tangu mwanzo, ulinyamaza. Nyuma yangu mama mmoja alisema polepole, "Sabuni," kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nimejiuliza kwa nini kipande kile kilifanya kazi. Kwanza, kilimpa mama akili. Mama yule si sanamu ya kusubiri, ni mtu anayekubali hasara kwa hesabu zake. Huenda na yeye aliwahi kutaka kuondoka. Pili, kilikuwa na vitu vya kushikika. Sabuni, fremu, ndoo. Kumbukumbu hukaa kwenye vitu kuliko kwenye maneno makubwa. Tatu, hakikutuambia tufikiri nini. Mtu wa Lindi aliona Lindi, mtu wa Tabora aliona Tabora.

Baada ya hapo msichana akafika mjini, akapata mimba, na mchezo ukajiendea kwenye njia yake ya siku zote. Lakini nawaambia ukweli, aliyetunga kipande kile cha begi, kama ni mwanafunzi, na anasoma gazeti hili, asiache kuandika. Aanzie pale pale. Aache mengine.

HAYA BASI, TUFANYEJE?

Mimi si mwalimu. Elimu yangu imeishia kidato cha nne na mengine nayaokota vitabuni na mitaani. Nitasema tu ninayojaribu mwenyewe kwenye kaunta buku langu.

Kwanza, nimeacha kumwadhibu anayeondoka. Anaweza kufanikiwa, anaweza kushindwa, na mara nyingi anapata kidogo na kupoteza kidogo, kama wapangaji wenzangu wote. Mwenye nyumba anayepanda ngazi ya mafanikio na bado hana wa kumzika ni habari. Kijana anayetuma hela kila mwezi na hajui tena azungumze nini na baba yake kwenye simu ni habari pia.

Pili, nawaandikia waliobaki. Kaka mkubwa aliyebaki shambani ili mdogo asome, anakuwa mtu wa namna gani akiwa na miaka arobaini? Rafiki aliyeahidiwa "nikifika nitakuita" na hakuitwa? Kila safari inaacha mtu kituoni, na mtu huyo naye ana maneno.

Tatu, nawauliza wazee wangu maswali ya kipuuzi. Siku ile ulivaa nini? Basini ulikaa na nani? Ulikula wapi? Mama alipoulizwa kwa nini aliondoka, alinipa hotuba. Alipoulizwa alibeba nini, alinipa sura mbili za riwaya.

Na la mwisho linawahusu ninyi mnaotunga kwa ajili ya jukwaa, hasa akina dada. Thoni bado anaondoka usiku, peke yake, tangu mwaka 1962. Hakuna aliyemfuata njiani kuona alikanyaga wapi, alikutana na nani, alibadili mawazo mara ngapi kabla ya alfajiri. Kundi lolote la wanafunzi lenye kanga mbili na taa moja ya chemli linaweza kumpa tendo lake. Akifika mjini salama, mwacheni afike. Kisha muulizeni kwao wapi, na mumwache ajibu kwa sauti yake.